Chumvi imenipotea mdomoni, na wateja wananirudishia chakula

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Makambako. Mimi ni mama wa miaka 54, na kwa miaka 19 sasa nimekuwa mama lishe karibu na njia panda, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na utingo wao, watu ambao pengine hula mara moja tu kwa siku, na wakikaa mezani wanataka chakula kilichopikwa na mtu anayejua kupika. Sijawahi kupima chumvi kwa kijiko. Mkono wangu ulikuwa unajua, na nikionja mara moja kwenye kiganja nilikuwa nimemaliza.

Tatizo langu lilianza mwezi wa tano. Nilishikwa na kifua, nikaandikiwa antibaiotiki za siku saba, nikazimaliza zote kama nilivyoelekezwa. Kifua kilipona, lakini mdomo ukabaki mchungu kama wa mtu aliyelamba sarafu. Jirani yangu akaniambia kwamba nyongo imepanda, akanichemshia mizizi michungu ili niitapike. Nilitapika, uchungu ukabaki palepale. Nikaenda duka la dawa, nikapewa chupa ya dawa ya kusukutua, nayo nimeitumia asubuhi, mchana na usiku hadi leo, hii ni wiki ya saba. Uchungu umepungua, ila meno yamepata madoa ya kahawia ilhali sivuti sigara, na chumvi siisikii. Sukari naisikia, limau nalisikia, chumvi ndiyo imepotea.

Nieleze na hili, huenda likasaidia. Kila mwaka baridi ikianza na upepo wa huku ukivuma, pua yangu huziba na macho huwasha, kwa hiyo kila usiku nameza vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi. Nalala mdomo wazi, naamka ulimi umenata kwenye kaakaa. Maji sinywi sana, maana ni nani atakayetamani maji Makambako mwezi wa saba? Nakunywa chai ya rangi tu, nayo siku hizi inanikwaruza mdomo kana kwamba nimetafuna ndizi mbichi.

Wiki iliyopita dereva mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliweka kijiko chini akaniambia kwa upole, "Mama, leo maharage yametoka baharini." Aliyalipia, hakuyala. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Siku iliyofuata nikapunguza chumvi kwa hofu, nao wakaagiza kopo la chumvi meza nzima. Sasa anayeonja ni binti ninayefanya naye kazi, na mimi nimebaki kama mgeni kwenye jiko langu mwenyewe.

Jambo la pili ni mjukuu wangu wa miaka saba ninayeishi naye. Hataki kabichi. Anasema inanuka kama yai viza, na kwamba akishaitafuna ndipo inanuka zaidi. Mama yake alikuwa hivyohivyo alipokuwa mdogo. Babu yake anasema hilo ni deko, achapwe atakula. Mimi moyo wangu haunipi.

Je, ni nyongo kweli? Ladha ya chumvi itarudi, au nimefika mwisho wa kazi ya kupika? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mama Lishe, Makambako

*

Shikamoo, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye mambo mawili: madoa ya kahawia kwenye meno, na ulimi unaonata kwenye kaakaa alfajiri. Hayo mawili yamenipa moyo, kwa sababu yanaelekeza kwenye vyanzo vinavyoweza kuondolewa. Katika maelezo yako sioni dalili kwamba ulimi wako umekufa. Ninachoona ni mate yaliyopungua na kinywa kilichobadilishwa na dawa, hali ambayo kwa watu wengi hurudi ilivyokuwa chanzo kikishaondoka.

Naomba ufanye jaribio moja dogo kesho kabla hujawasha jiko, maana ukiliona mwenyewe utanielewa kuliko nikikueleza kurasa kumi. Chukua kitambaa safi, utoe ulimi nje na kuukausha vizuri mpaka usikie umekakamaa, kisha uudondoshee chembe chache za sukari ukiwa bado uko nje. Subiri kidogo. Utamu hutausikia, au utausikia kwa mbali mno, ingawa sukari iko juu ya ulimi wako na unaigusa. Sasa urudishe ulimi ndani, uache mate yaifikie, na utamu utafunguka mara moja. Sukari haikubadilika na ulimi haukubadilika. Kilichoongezeka ni mate.

Sababu yake ni kwamba seli zinazotambua ladha haziko wazi juu ya ulimi. Zimejikusanya ndani ya vifuko vidogo sana, elfu kadhaa katika kinywa cha mtu mzima, na kila kifuko kina kitundu kimoja juu yake. Chumvi kavu haiwezi kupita kwenye kitundu hicho. Ni lazima kwanza iyeyuke katika mate, na mate ndiyo yaisafirishe hadi ndani. Kwa siku moja mtu mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu hivi, mengi yakitoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, zile zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, na mengine kwenye mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa mdomoni. Usiku, tunapolala, mtiririko huo hupungua sana hata kwa mtu asiye na tatizo lolote. Wewe unaongeza juu yake pua iliyoziba, mdomo wazi na kidonge cha mzio, na vidonge vya mzio vya aina ile ya kuleta usingizi vinajulikana kwa kukausha mate, kwa sababu vinazuia ujumbe wa neva unaoziamuru tezi zitoe mate. Ndiyo maana ulimi unanata.

Kuhusu chumvi yenyewe kuna jambo ambalo wapishi wengi hawalijui, nami nadhani mpishi wa miaka 19 anastahili kulijua. Mate yenyewe yana chumvi. Ulimi wako umelowa katika chumvi hiyo mchana na usiku, umeizoea, wala huisikii. Unachokihisi katika maharage ni kile kinachozidi kiwango kilichomo tayari mdomoni. Kwa hiyo mkono wako ambao haukuwahi kukosea haukuwa ukipima sufuria peke yake. Ulikuwa unalinganisha sufuria na mate yako, nayo mate yakibadilika, mizani yote inahama bila wewe kujua, na unaendelea kuongeza ukidhani chakula ndicho kilichopungukiwa.

Sasa tuje kwenye chupa ile ya kusukutua, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya lawama. Naomba uichukue na kusoma lebo, au uipeleke kwa mfamasia akusomee. Ninashuku utakuta humo dawa iitwayo klorheksidini, ambayo kwenye lebo jina lake huanza na herufi c, h, l. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, hasa ufizi unapovimba au baada ya kung'oa jino, lakini tabia zake zinafahamika: hung'ang'ania ndani ya kinywa kwa saa nyingi baada ya kuitema, ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na hufifisha hisia ya ladha mbili, yaani chumvi na uchungu, huku utamu na ukali wa limau ukiachwa karibu kama ulivyo. Soma tena maneno yako mwenyewe, mama. Uchungu umepungua, chumvi imepotea, sukari na limau vipo, meno yana madoa. Sikuwa na haja ya kukisia sana.

Dawa hiyo haikusudiwi kutumiwa wiki saba mfululizo mara tatu kwa siku bila daktari wa kinywa na meno kuagiza. Kama lebo itathibitisha ninachosema, iache. Hisia ya chumvi kwa kawaida hurudi baada ya kuiacha, wala usishangae ikichukua siku kadhaa, kwa kuwa seli za ladha zenyewe hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kumi hivi. Madoa hayatoki kwa kusugua kwa nguvu nyumbani, tena ukijaribu mkaa au majivu utalikwangua jino lenyewe. Daktari wa meno huyaondoa kwa kifaa chake bila maumivu.

Kuna hasara nyingine ya kusukutua kupita kiasi, nayo inatupeleka kwa viumbe ambao watu husikia habari zao wakakunja uso. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua utando mweupe katikati ya meno yake, akautazama kwa hadubini aliyojitengenezea mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikienda huku na huko. Leo tunajua kwamba katika vinywa vya binadamu zimeshatambuliwa zaidi ya aina 700 za bakteria. Baadhi hutoboa meno na kuozesha ufizi, hilo ni kweli, lakini wengine wengi hukaa tu na kufanya kazi, na mojawapo ya kazi hizo inahusu chakula chako moja kwa moja. Watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 2008 kwamba vitunguu, pilipili hoho na zabibu zina viambato visivyo na harufu yoyote, ambavyo bakteria wa kinywani huvivunja na kuachilia harufu yake kamili. Harufu hiyo haiji papo hapo. Huja sekunde 20 hadi 30 baadaye, na huweza kukaa dakika tatu. Mate yaliyoondolewa bakteria hayakuweza kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo lile baki tamu la kachumbari linalokaa nyuma ya koo baada ya kumeza limepikwa mara ya pili mdomoni mwako, na wapishi wake ni hao. Antibaiotiki za mwezi wa tano ziliwapunguza, kama inavyotokea kwa antibaiotiki nyingi, kisha kabla hawajarudi ukawamwagia dawa ya kusukutua mara tatu kila siku. Siwezi kukuambia ni kiasi gani cha ladha yako kilichopotea kwa njia hiyo, ila sioni sababu ya kuendelea kuwafukuza.

Na chai? Hapo ulimi wako unasema kweli tupu. Chai ya rangi, iwe ya Mufindi au ya Rungwe, ina tanini, na mate yana protini maalumu zinazoishika tanini hiyo. Zikishikana hugandamana, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unakwaruzana na kaakaa. Huo ndio ukakasi, uleule wa ndizi mbichi na mapera machanga. Mtu mwenye mate mengi huupata kidogo tu kisha mate mapya yanafika na kuusuuza. Wewe mwenye mate machache huna cha kusuuzia. Ukitia maziwa, protini za maziwa huishika tanini ndani ya kikombe kabla haijafika kwenye mate yako, na chai inakuwa laini. Kwa majuma haya kunywa ya maziwa, isiyokolea sana.

Kuhusu nyongo nitasema kwa heshima, kwa sababu jirani yako alitaka kukusaidia, na hata mama yangu mzazi angekuambia hivyohivyo. Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wake, na humwagwa kwenye utumbo mwembamba ili kusaidia kumeng'enya mafuta. Haina njia ya kuingia kwenye mate. Mtu anayetapika sana, au mwenye kiungulia kikali, anaweza kuonja uchungu au uchachu unaopanda kutoka chini, lakini wewe hukutaja kiungulia. Ladha ya sarafu iliyofuata antibaiotiki ni jambo la kawaida, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoka pamoja na mate na nyingine huacha fangasi waongezeke mdomoni. Kujitapisha kulikuongezea asidi kwenye meno na kukupotezea maji ambayo mwili wako ulikuwa tayari unayahitaji. Tafadhali usirudie.

Mjukuu wako sasa. Mate ya watu hayafanani, na hapa nchini tuna ushahidi mzuri wa hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Wahadzabe, ambao tangu jadi wamekula mizizi na vyakula vingine vya wanga, walikuwamo katika jamii zilizokutwa na nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga kuwa sukari, kile kinachofanya tonge la ugali liwe tamu ukilitafuna muda mrefu. Wadatoga, wafugaji wanaoishi si mbali nao, walikuwa katika kundi la wenye nakala chache. Kama mate hutofautiana kwa urithi, bakteria hutofautiana pia kutoka familia hadi familia. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichukua mate ya watoto wa miaka 6 hadi 8 pamoja na ya wazazi wao, jozi 98, wakayachanganya na koliflawa mbichi, ambayo ni ndugu wa kabichi. Mboga za ukoo huo zina kiambato cha salfa ambacho bakteria wa mate hukivunja na kutoa harufu kama ya kitu kilichooza. Kwa mate ya baadhi ya watoto harufu ilitoka nyingi, kwa wengine kidogo, na wale waliotoa nyingi ndio waliozichukia zaidi mboga hizo. Viwango vya mtoto na mzazi wake vilikaribiana. Wazazi, hata wenye harufu nyingi, hawakuonyesha chuki hiyo. Inaelekea mtu huizoea kadiri anavyokua.

Unaona, mama? Mtoto amekuambia kwamba kabichi hunuka zaidi akishaitafuna, na mama yake alikuwa hivyo. Ametoa maelezo sahihi kabisa ya kinachotokea mdomoni mwake, kwa maneno ya mtoto wa miaka saba. Mwambie babu yake kwamba fimbo haitaifikia salfa. Itamfundisha tu mtoto kuogopa meza.

Jaribu kupika kabichi kwa muda mfupi, ikiwa bado inalia kwenye meno, kwa sababu kuichemsha sana hutoa harufu ileile hata kabla haijafika mdomoni. Ichanganye na karoti, uitie karanga zilizotwangwa, umwekee kijiko kimoja tu kando ya wali bila kumsimamia. Akikiacha, usiseme neno. Rudia siku nyingine, na nyingine. Watoto wengi huhitaji kukutana na mboga mara kumi au zaidi kabla ya kuikubali. Wakati huo mpe mnafu, mchicha au majani ya maboga, ambayo hayamo katika ukoo wa kabichi, na hatapungukiwa.

Kwa upande wako, ukiacha ile dawa, zungumza na daktari au mfamasia kuhusu vidonge vya mzio. Zipo aina zisizokausha mdomo sana kama hivyo. Weka chupa ya maji ya uvuguvugu kando ya jiko, unywe funda dogo kila mara hata kama hauna kiu, na kabla ya kuonja suuza mdomo kwa maji hayo. Tafuna kipande cha karoti kabla ya kazi, kwa kuwa kutafuna kwenyewe huziamsha tezi. Usiku piga mswaki meno, kisha uupitishe taratibu kwenye ulimi kutoka nyuma kuja mbele mara tatu au nne bila kuuchubua. Na kwa majuma haya tu, nakuomba upime chumvi kwa kijiko. Mwite binti siku moja, upike naye maharage mpaka wateja waridhike, mhesabu vijiko kwa kila sufuria, muandike. Ukishaandika hivyo, hofu itapungua na hutaongeza chumvi kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na madereva wako wanaokaa kitako siku nzima hawahitaji zaidi ya hapo.

Usingoje majuma hayo yapite ukiona utando mweupe mdomoni unaotoa damu ukiukwangua, kiu kali pamoja na kukojoa mara nyingi, macho kukauka pamoja na mdomo, au kupungua uzito bila sababu; nenda hospitali upimwe, ikiwa ni pamoja na sukari ya damu. Uso ukipinda upande mmoja au upande mmoja wa mwili ukafa ganzi ghafla, hiyo ni dharura ya saa ileile. Na kama wiki nne zitapita tangu uache dawa ya kusukutua na chumvi bado haijarudi, muone daktari wa kinywa na meno ukiwa na chupa yenyewe mkononi pamoja na vidonge vyote unavyotumia.

Jiko usilifunge. Binti aonje kwa sasa, nawe uonje baada yake, kila siku, mkilinganisha mlichokipata. Siku mtakayokubaliana bila kuambizana, niandikie.